Viraka vya mfumo wa kompyuta: wingi wake unasema nini

Mwezi uliopita mwenye saiba moja mtaani Langoni, hapa Lamu, aliniita nimtazamie kompyuta zake sita, zote zikiendeshwa na Linux. Alikuwa ameshaamua kuuacha mfumo huo na kurudi katika ule aliouzoea zamani. Sababu yake ilikuwa moja tu: kila wiki, na wakati mwingine siku mbili mfululizo, kioo kilimjulisha kwamba kuna marekebisho mapya ya usalama, naye akapiga hesabu kwamba kitu kinachorekebishwa mara nyingi kiasi hicho hakiwezi kuwa kizima. "Fundi," aliniambia, "jahazi linalotiwa viraka kila kukicha si chombo cha kusafiria."

Ni mtu mwenye busara, na hoja yake si ya kudharauliwa. Nimeisikia pia kwa walimu wanaosimamia kompyuta za shule, kwa makarani wa zahanati, na kwa vijana wanaoahirisha sasisho la simu mwaka mzima kwa sababu linakula bando. Kila mmoja ana maneno yake, lakini imani yao ni moja: kwamba kiraka ni ushahidi wa ubovu. Nataka kueleza kwa utaratibu kwa nini imani hiyo si sahihi, na ni kitu gani hasa kinachofaa kuhesabiwa badala ya idadi ya viraka.

Tuanze na maneno yenyewe

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimama kati ya mitambo ya kompyuta na programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaoamua programu ipi ifanye kazi lini, unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi na kuzifikisha zinakotakiwa, na unaofungua au kufunga njia ya kuingia mtandaoni. Kazi yake ni kama ya nahodha: abiria hagusi usukani wala demani, bali humweleza nahodha haja yake, na nahodha ndiye anayekiamuru chombo.

Chanzo huria maana yake ni kwamba msimbo wa mfumo, yaani maandishi ambayo waandishi wa programu huyaandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, umewekwa hadharani pamoja na leseni inayomruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Linux, ambayo kwa usahihi ni kiini tu cha mfumo, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Debian na Ubuntu ni mikusanyo ya programu iliyojengwa juu ya kiini hicho. OpenBSD, mfumo mwingine wa chanzo huria, ulianzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, ambaye makao yake ni Calgary, Kanada. Hata yule asiyegusa kompyuta kamwe anahusika na habari hii, kwa kuwa simu ya Android iliyo mfukoni mwake inaendeshwa kwa kiini cha Linux.

Neno kiraka nalo lina asili ya kweli. Zamani, programu zilipokuwa zikitobolewa kwenye utepe wa karatasi, fundi aliyegundua kosa alibandika kipande cha karatasi juu ya tundu lililokaa mahali pasipofaa. Siku hizi kiraka ni faili la maandishi: mistari ya kuondolewa imetanguliwa na alama ya kutoa, na mistari ya kuongezwa imetanguliwa na alama ya kujumlisha. Mwaka 1985 Larry Wall aliandika programu ndogo inayosoma faili la namna hiyo na kuyatekeleza mabadiliko yake mahali panapohusika, na mpaka leo kazi inafanywa kwa njia ile ile. Viraka vingi ni vya mistari michache tu. Mwenye saiba alidhani kila arifa ilimaanisha ubao mzima umeng'olewa na kupachikwa mwingine, ilhali mara nyingi ni msumari mmoja umegongwa upya.

Mfano wake wa jahazi ni mzuri, na ningependa kubaki nao kidogo. Mafundi wa Matondoni hawangoji chombo kizame ndipo wakikalafati. Kila baada ya muda hupandishwa pwani, pamba iliyolowa mafuta ikashindiliwa katika maungio ya mbao, na ubavu ukapakwa deheni. Nahodha akikuambia kwamba chombo chake hakijawahi kukalafatiwa tangu kijengwe, hupandi. Hata hivyo mfano huu una mwisho wake, na mwisho huo ndio wenye fundisho. Mbao huoza kwa maji na jua, lakini msimbo hauozi. Tundu linalozibwa leo katika mfumo wa kompyuta lilikuwemo tangu siku mstari huo ulipoandikwa. Kilicho kipya ni kwamba limeonekana. Oktoba 2016 ulizibwa mwanya katika kiini cha Linux uliopewa jina la Dirty COW, ambao ulimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka yote ya mashine. Mwanya huo ulikuwemo tangu 2007. Kwa miaka tisa hapakuwa na kiraka cha kuuziba, na mtu anayepima uzima wa mfumo kwa uchache wa viraka angesema kwamba mahali hapo palikuwa salama kabisa.

Kitasa na boriti

Waandishi wa OpenBSD wana desturi ninayoipenda. Kila toleo la mfumo wao lina orodha ya masahihisho yaliyopewa namba kuanzia 001, kila moja likiwa na tarehe na alama mojawapo kati ya mbili: ama ni kiraka cha usalama, ama ni kiraka cha uthabiti. Wengi wetu husoma neno usalama tukashtuka, kisha tukasoma neno uthabiti tukapita. Hapo ndipo mkanganyiko wa pili unapozaliwa.

Chukua nyumba ya mawe ya Mji wa Kale. Kitasa cha mlango mkuu kikiwa kinafunguka kwa ufunguo wowote, hiyo ni kasoro ya usalama. Nyumba imesimama imara na hakuna kilichopungua, ila siku atakapopita mwenye nia mbaya na kuujaribu mlango, ataingia. Boriti ya dari ikiwa imeliwa na mchwa, hiyo ni kasoro ya uthabiti. Haihitaji mwizi. Itavunjika yenyewe usiku mmoja, na waliolala chini yake ni wenye nyumba.

Mfano halisi wa boriti iliyoliwa ulionekana mwaka 2012. Dunia haizunguki kwa kasi isiyobadilika, na kwa ajili hiyo tangu 1972 wataalamu wa saa wamekuwa wakiongeza sekunde moja mara kwa mara ili saa za kitaalamu zisiachane na mzunguko wa dunia. Sekunde kama hiyo iliongezwa mwishoni mwa tarehe 30 Juni 2012 kwa saa za kimataifa, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 1 Julai. Katika matoleo kadhaa ya Linux, saa ya ndani ya kiini ilikosana na saa mpya kwa sekunde moja hiyo. Programu zilizoomba zilale kwa kitambo kidogo ziliamshwa papo hapo, zikaomba tena, zikaamshwa tena, na vichakataji vikafanya kazi kwa nguvu zote bila kuzalisha chochote. Tovuti kadhaa kubwa zilikwama, na nchini Australia abiria wa Qantas walicheleweshwa kwa sababu mfumo wa kuwaandikisha kabla ya kupanda ndege ulisita. Hapakuwa na mdukuzi hata mmoja, ilikuwa sekunde moja tu.

Nami nina kisa cha karibu zaidi. Katika ofisi moja mjini kulikuwa na mashine iliyogawa intaneti kwa watumishi wote, na kila baada ya wiki mbili au tatu ilikuwa ikikwama. Walilaumu joto, wakalaumu umeme, na karani mmoja akawa amepewa kazi ya kuizima na kuiwasha. Nilipoisoma kumbukumbu ya matukio yake niliona kwamba programu moja ya mtandao ilikuwa ikiomba nafasi ya kumbukumbu bila kuirudisha, kidogo kidogo, kama maji ya ngama yanayopanda chomboni bila mtu wa kuyakumba, mpaka nafasi ikaisha. Kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa miezi minne kabla. Aliyeisimamia mashine alikuwa amekiona, lakini kilikuwa na alama ya uthabiti, na yeye alikuwa amejiwekea sheria ya kupokea viraka vya usalama peke yake ili kuokoa bando. Miezi minne ya kazi kukatika, kwa ajili ya faili ambalo lisingefikia ukubwa wa picha tatu za simu.

Jambo linalofanya mgawanyo huu uwe mgumu ni kwamba mpaka wake unahama. Kasoro ile ile ya kumbukumbu isiyorudishwa, ikibainika kwamba mtu aliye nje anaweza kuichochea kwa kutuma vipande vya ujumbe vya aina fulani mtandaoni, haiwi tena suala la uthabiti peke yake. Yule wa nje sasa ana uwezo wa kuiangusha mashine kila atakapo, na kiraka kilichokuwa cha boriti kimekuwa cha kitasa. Waandishi wa kiini cha Linux wanalijua hili kwa uzoefu, na kwa miaka mingi wamesisitiza kwamba kosa ni kosa, na kwamba si rahisi kutabiri lipi litakuja kugeuzwa silaha.

Hapo ndipo ninapopata jibu la kwanza kwa mwenye saiba. Tangu 1999 kuna orodha ya kimataifa, iliyoanzishwa na shirika la MITRE la Marekani, ambamo kila udhaifu unaotambuliwa hupewa namba inayoanza kwa herufi CVE. Februari 2024 mradi wa kiini cha Linux ulipewa mamlaka ya kutoa namba hizo wenyewe, nao ukachagua kuwa na tahadhari: karibu kila sahihisho ambalo huenda likagusa usalama hupewa namba, hata kama hakuna aliyethibitisha kwamba linaweza kutumiwa vibaya. Idadi ya namba za Linux ikapanda ghafla hadi kufikia maelfu kwa mwaka. Kiini hakikuharibika kati ya Januari na Machi. Namna ya kuhesabu ndiyo iliyobadilika, na mtu aliyeisoma idadi hiyo pasipo kujua sababu yake aliona maangamizi mahali ambapo palikuwa na uwazi.

Karani asiyetazama daftari

Ni vyema tuutazame mwanya mmoja kwa karibu, tuone unavyofanana na mambo tunayoyajua. Nitachukua ule wa Heartbleed, uliotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. Haukuwa ndani ya kiini bali katika OpenSSL, maktaba ya programu ya kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza yasisomeke na mtu wa kando, ambayo husafirishwa pamoja na mifumo mingi ya chanzo huria, na iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa sana ya seva za dunia, yaani kompyuta zinazozihudumia nyingine mtandaoni.

Kompyuta mbili zinapozungumza kwa siri, mojawapo huweza kutuma ujumbe mfupi wa kuuliza kama mwenzake yungali hai. Hutuma neno fulani, hutaja urefu wa neno hilo, na mwenzake hulirudisha lilivyo. Sasa fikiria karani wa bohari ambaye mteja humpa nafaka aiweke. Mteja anaweka pishi moja, lakini anasema ameweka pishi arobaini. Kesho anakuja kudai pishi zake arobaini. Karani hatazami daftari wala hapimi kilichoingia. Anatoa ile pishi moja ya mteja, kisha anaendelea kuchota katika magunia ya jirani, ya watu wengine, mpaka arobaini itimie. Ndivyo OpenSSL ilivyofanya. Mtu alituma herufi chache, akadai kwamba ni elfu sitini na zaidi, na seva ikamrudishia chochote kilichokuwa kimekaa jirani katika kumbukumbu: nywila za watu, mazungumzo yao, na wakati mwingine ufunguo wa siri wa seva yenyewe.

Kiraka kilimfundisha karani kupima. Mistari michache ililinganisha urefu uliotajwa na urefu uliopokewa, na ujumbe wenye uongo ukatupwa. Msimbo wenye kosa ulikuwa umetoka katika toleo la Machi 2012, kwa hiyo bohari lilikuwa limechotwa, au lingeweza kuchotwa, kwa miaka miwili. Na hapa kuna jambo ambalo wasimamizi wengi hulisahau: kiraka hakirudishi kilichokwisha kuibwa. Seva iliyozibwa siku hiyo hiyo lakini ikaendelea na funguo zake za zamani ilikuwa kama nyumba iliyotengeneza ukuta huku nakala ya ufunguo wa mlango ikiwa mkononi mwa mgeni. Ilibidi funguo zibadilishwe na watumiaji waweke nywila mpya, na hiyo ndiyo kazi iliyochelewa zaidi.

Kisa hiki kinavunja pia hadithi mbili zinazopingana ambazo huzisikia katika maongezi. Ya kwanza husema kwamba chanzo huria ni salama kwa sababu macho mengi yanausoma msimbo. Msimbo wa OpenSSL ulikuwa wazi kwa dunia nzima miaka miwili, na waliousoma kwa makini walikuwa wachache mno. Ya pili husema kwamba chanzo huria ni hatari kwa sababu mdukuzi naye anausoma. Kweli anausoma, lakini kuficha msimbo hakujawahi kuwazuia wadukuzi kuyapata matundu ya mifumo iliyofungwa, na uwazi ndio unaomwezesha mtu asiyetumwa na yeyote kulipata tundu kabla halijaleta maafa. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Mwingine angelipuuza jambo hilo. Yeye alilifuatilia hadi akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili, ambamo mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa amepachika mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Taarifa ilitolewa tarehe 29 Machi, kabla matoleo hayo hayajaenea katika mifumo inayotumiwa na wengi. Asingalikuwa na msimbo wa kuusoma, angeishia kulalamika tu kwamba mashine ni nzito.

Fundi anapokosea

Nitakuwa sikutenda haki nikiwaambia watu wapokee viraka bila kutaja kwamba kiraka nacho huandikwa na binadamu. Mwaka 2006 msimamizi wa OpenSSL katika Debian aliondoa msimbo ambao chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiulalamikia. Hakujua kwamba ndio uliokuwa ukichanganya namba zisizotabirika zinazohitajika kutengeneza funguo za siri. Tangu hapo, mpaka ilipogunduliwa na kutangazwa tarehe 13 Mei 2008, funguo zilizotengenezwa katika Debian na mifumo iliyotokana nayo zilitegemea namba ya mchakato peke yake, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, na kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zilikuwa hazizidi 32,768. Ni kama fundi wa vitasa aliyeuza vitasa vya mji mzima kwa kurudia funguo zile zile chache.

Kuna kosa la namna nyingine, la kalafati kung'olewa bila kukusudia. Katika OpenSSH, programu inayotumiwa kuingia kwenye mashine iliyo mbali, mwanya mmoja ulizibwa mwaka 2006. Oktoba 2020, wakati msimbo ukipangwa upya, mstari uliokuwa ukiuziba uliondolewa kwa bahati mbaya, na toleo la Machi 2021 likasafirishwa likiwa na tundu lile lile la zamani. Watafiti wa kampuni ya Qualys walilitangaza tarehe 1 Julai 2024. OpenBSD yenyewe haikuguswa, kwa kuwa mwaka 2001 waandishi wake walikuwa wamelijengea jambo hilo njia tofauti iliyo salama. Fundi mpya anapobadilisha ubao, yampasa ajue kwa nini wa kwanza alishindilia pamba mahali pale.

Visa hivi havinifanyi nikatae viraka. Vinanifanya nipende mifumo inayotoa viraka vidogo. Debian, kwa mfano, haibadilishi toleo la programu kila kosa linapoonekana. Huchukua mistari ile tu inayoziba tundu na kuipachika katika toleo la zamani ambalo limeshajaribiwa, ili kisiingie kitu kipya pasipo sababu. Matokeo yake ni kwamba mtu huona namba ya toleo la miaka mitatu iliyopita akadhani programu imeachwa, kumbe tundu lilizibwa jana. Namba kubwa ya toleo si cheti cha usalama, na namba ndogo si hukumu.

Tena si kila shambulio linazuiwa kwa kiraka. Julai 2023 huduma za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, zilitatizika kwa sababu ya mafuriko ya maombi bandia yaliyotumwa kwa wakati mmoja. Mlango uliosongwa na umati si sawa na mlango ambao kitasa chake kimevunjwa, na dawa zake ni mbili tofauti.

Siku zilizo mikononi mwetu

Kama idadi ya viraka haitufai kuwa kipimo, tupime nini? Kila kasoro ina vipindi vitatu. Cha kwanza huanza kosa linapoandikwa na kumalizika linapogunduliwa: miaka tisa kwa Dirty COW, miaka miwili kwa Heartbleed. Cha pili huanza ugunduzi unapofanyika na kumalizika kiraka kinapotolewa, na hapo miradi mikubwa ya chanzo huria hufanya kazi kwa siku, pengine kwa saa. Cha tatu huanza kiraka kinapotolewa na kumalizika kinapobandikwa katika mashine yako. Vipindi viwili vya kwanza ni vya waandishi wa mfumo, nasi hatuna la kufanya juu yake. Cha tatu ni chetu peke yetu, na ndicho chenye hatari kuliko vyote, kwa sababu kiraka kikishatolewa hadharani kinakuwa ramani. Mdukuzi anasoma mstari ulioongezwa, anaelewa tundu lilikuwa wapi, na anaanza kuwatafuta ambao hawajaliziba.

Ushahidi mzito zaidi hautoki hata katika chanzo huria. Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya fulani wa Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi cha WannaCry kilienea ulimwenguni kwa kupitia mwanya huo huo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo tayari, ila haikuwa imenywewa.

Kipindi hicho cha tatu kina mipaka yake pia. OpenBSD hutoa toleo jipya kila miezi sita na huviendeleza viraka vya matoleo mawili ya mwisho peke yake, kwa hiyo kila toleo linaishi mwaka mmoja. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu hupata viraka vya kawaida kwa miaka mitano. Lile la 20.04 lilifika mwisho wake Mei 2025. CentOS 7, mkusanyo mwingine wa Linux uliokuwa umetumiwa sana katika seva, ilifungwa tarehe 30 Juni 2024. Mfumo uliopita tarehe yake huacha kukusumbua kwa arifa, na mtu asiyejua huufurahia ukimya huo. Katika simu za Android angalia tarehe ya sasisho la usalama ndani ya mipangilio. Google imekuwa ikitoa taarifa ya viraka kila mwezi tangu 2015, lakini kiraka kinakufikia pale tu mtengenezaji wa simu yako anapokisambaza, na simu yenye tarehe ya miaka mitatu nyuma haifai kubeba hela zako za M-Pesa.

Kwa watu wa visiwani, ambako bando ni ghali na umeme huyumba, utaratibu nilioupanga na mwenye saiba ni huu. Mashine moja kati ya sita ndiyo inayopakua viraka vyote, vya usalama na vya uthabiti, na nyingine tano huvichukua kwake kupitia mtandao wa ndani, kwa hiyo kila faili hulipiwa mara moja. Mashine hiyo ndiyo inayobandikwa kwanza na kutumiwa siku mbili. Isipoonyesha tatizo, nyingine hufuata. Viraka hupokewa kwa njia rasmi ya mfumo peke yake, kwa sababu huko ndiko kila faili linakokaguliwa sahihi yake ya kidijitali kabla ya kukubaliwa, jambo ambalo OpenBSD hulifanya kwa chombo chake cha signify tangu 2014. Faili lililoletwa na rafiki ndani ya flashi halina wa kulidhamini. Na hakuna kinachobandikwa kabla ya kutengeneza nakala rudufu ya mafaili ya wateja, wala wakati betri ya akiba haijajaa.

Lilibaki jambo moja ambalo tulibishana kwa muda. Alikuwa akijisifu kwamba mashine yake ya kugawa intaneti haikuwa imezimwa kwa zaidi ya mwaka. Nilimweleza kwamba kiraka cha kiini kikishapakuliwa hukaa kwenye diski, na kwa kawaida kiini kinachofanya kazi ni kile kile cha zamani mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Kwamba kwa mwaka mzima alikuwa amepokea viraka na hakuvivaa. Nilimweleza pia kwamba matoleo fulani ya Linux ya miaka ya nyuma yalikuwa na hitilafu iliyoiangusha mashine baada ya kukaa macho kwa takriban siku 208, na kwamba aliyejivunia kutoizima ndiye aliyekutana nayo. Hakutaka wateja wakatizwe katikati ya kazi, nami nikaona ana haki. Tukatafuta saa ambayo saiba haina mtu. Sasa kila Ijumaa adhuhuri, anapofunga mlango kwenda msikitini, mashine hujizima na kujiwasha yenyewe, na anaporudi baada ya sala huikuta imeshaamka ikiwa na kiini kipya.